Barua kwa vijana wa bonde la Rufiji: ulizeni maji yatafunguliwa lini

Wajukuu zangu wa Utete, Ikwiriri na Mohoro, na ninyi wa delta mnaovua kamba,

Assalaam aleikum.

Nawasikia vijiweni mkibishana kuhusu bwawa la umeme la Julius Nyerere, lililozuia mto wetu Rufiji. Huyu anasema limeleta neema, yule anasema limetumaliza. Wanangu, ukuta wenye urefu wa zaidi ya kilomita moja umeshasimama na hautaondoka kwa kelele zetu. Nawaomba mbebe swali jingine: nani anaamua maji yafunguliwe lini, na sisi wa chini tunaambiwa siku ngapi kabla?

Umeme siudharau. Nimeshika chemli binti yangu akijifungua usiku, asije mtu kuniambia taa ni anasa. Mgao wa mwishoni mwa 2023 mnaukumbuka, na mnakumbuka hali ilivyoanza kutengemaa mashine ya kwanza ilipowashwa Februari 2024. Leo zipo 9, kila moja megawati 235, jumla 2,115. Barafu ya kuhifadhi samaki, mashine ya kukoboa, fundi wa kuchomelea, vyote vinaishi kwa umeme huo.

Ila mto huu ulikuwa ukitulisha kabla ya kutuwashia taa, na wengi wenu hamkuuona ukifanya kazi.

Mimi nimekulia juu ya dungu nikifukuza ndege. Wazee wetu walipanda mpunga bondeni kwenye Desemba na Januari, ili mafuriko ya masika yaukute umeshashika. Maji yakipanda polepole, mpunga wetu wa asili hurefuka nayo. Yakija kwa ghafla ungali mchanga, unazama na kuoza. Babu alichomeka mti ukingoni wa kupimia maji, na kila alfajiri alikwenda kuutazama kabla hajanywa hata uji. Maji yakishuka tuliingia na mlau: mahindi, kunde, maboga, kwenye tope jipya, bila mvua na bila mbolea ya dukani. Mwaka ambao mpunga uliharibika, mlau ndio uliotuvusha. Kwa hiyo tulipohamishiwa nchi ya juu baada ya gharika ya 1968, watu waliendelea kushuka bondeni kulima. Tuliitwa wakaidi, na huku tulijua wazi njaa inaingilia mlango gani.

Maziwa yetu pia hupata samaki wapya pale tu mto unapofurika na kuyafikia. Mto usipofika, perege na kambale hupungua, nanyi mtalaumu nyavu za jirani.

Tope ndilo linaloninyima usingizi. Bwawa hutoa maji na kubaki na tope. Kampuni zilizojenga lile letu zimetoka Misri, na Wamisri jambo hili wamelionja. Bwawa la Aswan lilikamilika 1970. Liliwaokoa na ukame wa miaka ya 1980, Mungu awajalie. Lakini tope la Nile likakwama nyuma ya ukuta, mashamba yakahitaji mbolea ya kununua, bahari ikawa inakula ufukwe wa delta, na dagaa waliokuwa wakifuata maji ya mafuriko wakaadimika kwa miaka mingi. Delta yetu ina msitu wa mikoko ambao pwani yote ya Afrika Mashariki haina mfano wake, na kamba wadogo hukulia humo, maji baridi yanapokutana na ya chumvi. Ninyi wa Nyamisati, hili ni lenu kuliko la mtu yeyote.

Kule Mali kuna bwawa la Manantali, lililokamilika 1988. Lilipangwa litoe mafuriko ya makusudi, ili wakulima wa bonde la mto Senegal walime maji yakishuka, kama mlau wetu. Halijatimiza hivyo kila mwaka, kwa sababu mashine za umeme na mkulima wanagombea maji yaleyale. Hata hivyo mkulima wa kule ana neno lililoandikwa la kushikilia. Sisi tunalo lipi?

Masika ya 2024 maji yalifunika mashamba na nyumba, Rufiji na Kibiti. Wengine walililaumu bwawa, wengine wakasema bila bwawa yangekuwa mabaya zaidi. Mabishano hayo yalinichosha, maana hakuna aliyekuwa na kumbukumbu: siku gani milango ya bwawa ilifunguliwa, siku gani maji yalifika kwetu, yalipanda kiasi gani. Nendeni mikutano ya vijiji na kwa madiwani, mdai ratiba ya maji itangazwe kabla ya kupanda, na taarifa itufikie kabla ya milango kufunguliwa, hata mama asiye na simu aipate kwa kipaza sauti cha msikiti. Dai hili halimpingi mtu, na hata waendesha mitambo litawasaidia.

Na anzeni kupima wenyewe. Ijumaa baada ya swala njooni kwangu na daftari na kamba ya kupimia. Nitawaonyesha kwenye mkwaju ule wa ukingoni maji yalipofika 1968, kisha tuchomeke mti mpya.

Bibi yenu,
Utete