Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Skimu ya Umwagiliaji

Ndugu wanachama,

Nawashukuru mliojitokeza kusafisha mfereji mkuu kabla ya msimu. Hapa Usangu mvua zilichelewa na zikakatika mapema, na wengi mmeniuliza imekuwaje majaruba ya mpunga ya karibu na banio, pale maji yanapoingia mferejini, yamejaza magunia huku ya mwisho wa mfereji yakitoa mapepe, yaani maganda matupu, ilhali mbegu ni ile ile ya SARO 5 na mbolea tulinunua pamoja.

Tofauti ni wakati maji yalipofika. Mpunga huvumilia kiu kidogo unapotoa machipukizi, lakini tangu unapobeba mimba hadi kuchanua hauvumilii. Ua lake hufunguka kwa saa moja hivi, kabla ya adhuhuri. Ardhi ikiwa kavu siku hizo, au joto likipita nyuzi 35, uchavushaji unaharibika na punje haiingii. Suke lililojaa huinama. Masuke ya wenzetu wa mwisho wa mfereji yalibaki wima hadi siku ya kuvuna; ukiyafikicha kiganjani na kupuliza, karibu yote yanapeperuka. Inaumiza kuona jasho la familia nzima likiishia hivyo, na majaruba ya juu yalikuwa yamefurika wiki hizo hizo.

Tusitegemee kuongezewa maji. Tangu miaka ya 1990 mto Ruaha Mkuu, unaopokea maji ya Usangu, hukauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na ndio unaolisha mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Nafuu iko ndani ya mfereji wetu. Wanachama waliojaribu kilimo shadidi, yaani cha mpunga kwa maji kidogo, walipandikiza miche ya siku 8 hadi 12, mmoja mmoja, kwa nafasi ya sentimita 25. Wanazika bomba lenye matundu shambani, na hawafungulii maji mpaka yashuke sentimita 15 chini ya udongo. Mpunga ukianza kuchanua ndipo wanaacha maji yasimame. Naomba muwatembelee mjionee.

Hesabu za fedha atazisoma mhazini.

Kamati inapendekeza zamu za maji zifuate umri wa mpunga badala ya umbali kutoka banio: kanda inayochanua ipewe maji kwanza, hata kama ni ya mwisho kabisa. Kwa hiyo kila mwanachama ataandikisha kwa katibu tarehe ya kusia kitalu na tarehe ya kupandikiza. Pendekezo hili litapigiwa kura leo, baada ya taarifa ya mhazini.