Viti vya chekechea havitutoshi

Kwa Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma tangu zamani, hata lilipokuwa likitufikia huku kisiwani Pate limeshakuwa la juzi, na sijawahi kukuandikia. Taarifa ya wiki jana ndiyo iliyoniondoa mkekani: ati Kaunti ya Lamu sasa ina nafasi za elimu kwa "rika zote, kuanzia mtoto hadi mzee". Picha mliyoweka ni ya watoto wa chekechea wanapunga mikono. Mzee hayumo. Mzee ni mimi, nina miaka 61, na mwandishi wenu angepanda mtaboti, boti letu la mashine, angenikuta.

Niliachishwa shule darasa la nne, kaka zangu wakaendelea. Mamangu alikuwa ngumbaru, darasa la watu wazima la kusoma na kuandika, mwaka 1979, Rais Moi alipotaka kila mtu ajue kusoma. Nakumbuka akirudi na vumbi la chaki kwenye buibui, kisha akiliandika jina lake kwa kidole juu ya unga kabla ya kuukanda. Basi nami nikaingia ngumbaru, nia yangu KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. KCPE yenyewe ikafanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Watoto walishapewa mtaala wao mpya. Sisi hakuna aliyekuja kutwambia tunahamia wapi. Mwalimu wetu, maskini, naye hakujua. Akasema nendeni Amu, mjini Lamu, mkaulize kwenye ofisi ya elimu ya watu wazima.

Tukaenda, wanawake sita. Watu wa bara hawajui kwamba mtaboti hufuata maji, haufuati saa za ofisi. Tuliondoka alfajiri, kila mmoja na nauli aliyoichanga kwa kuuza viazi vya karai na makuti, mwenzetu mmoja kamwacha mjukuu na homa. Saa nne tuko mlangoni. Mlango umefungwa, na karatasi imebandikwa kwa plasta: "Tuko kwenye warsha." Nikamuuliza mlinzi, warsha gani hiyo? Akasema iko Malindi, ya kuhamasisha elimu ya watu wazima. Wallahi sikutunga. Watu wazima sita tumesimama juani tumeshahamasika, na wa kutuhamasisha wako hotelini wanakunywa chai ya saa nne! Na hata tungetaka kungoja kesho tungelala wapi? Ilibidi turudi mbio kabla Mkanda, mlango wa maji tunaopitia, haujakauka, na hatukuwahi. Mashine ikazima katikati ya mikoko, maji yakatoka, mtaboti ukalala ubavu kwenye tope, nasi juu yake tunahesabu kaa mpaka magharibi.

Aliyeiwasha mashine ni kijana wa pale pale chomboni. Alifungua kabureta kwa kisu cha samaki, akaipuliza kwa mdomo, akafunga bomba lililopasuka kwa ukanda wa mpira. Kajifunza kwa ami yake. Alipokwenda bara kuomba kazi ya mashine aliulizwa cheti, hana, akarudishwa. Hapa nataka kuuliza jambo jingine kabisa: gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021, tuliimbiwa ajira mpaka tukachoka, je, kwa nini vijana wa visiwani wafundishwe ususi na kompyuta mahali ambapo umeme hauna imani, na hakuna anayewafundisha mashine za boti wakapewa karatasi? Serikali imeshatunga sera ya kuwatambua mafundi waliojifunza bila darasa. Huyu kijana hajaisikia. Wa kumwambia huenda yuko Malindi.

Turudi kwenye "rika zote". Katiba ya 2010 imegawa: chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini ni vya kaunti, msingi na sekondari ni vya Nairobi, na ngumbaru nao umebaki Nairobi. Ukilalamika kwa kaunti unaambiwa si yetu. Kwenye magazeti, rika zote ni zao.

Na darasa letu ni hilo hilo la chekechea, watoto wakishatoka. Viti ni vyao. Ukikaa, magoti yanagusa masikio. Jirani yangu ana miaka 70, hunyanyuliwa na watu wawili somo likiisha. Huyo kwenye fomu ameandikwa "hajui kusoma", naye amehitimu Kurani, na miaka yote mumewe alipokuwa Ghuba alimwandikia barua kwa herufi za Kiarabu na akajibiwa. Anachotaka ni kujua maandishi ya Kizungu kwenye chupa ya dawa ya presha.

Sitaki warsha. Nimemuuliza seremala wa hapa: benchi la watu wazima, miguu ya sentimita 45, ni shilingi 1,800. Mabenchi sita ni 10,800. Fedha zikikosekana, basi warsha ijayo ifanyiwe darasani kwetu, wakubwa wakalie vile vile viti vyekundu vya plastiki, na waje siku ya bamvua, maji yanapojaa na kukupwa kupita kawaida, ili yakitoka wasipate pa kukimbilia. Chai tutawapikia. Na wakija, watuletee jibu: sisi sasa tutafanya mtihani gani.

Mwanafunzi wa ngumbaru,
Kisiwa cha Pate, Lamu