Barua kwa Zuhura, kutoka Vienna

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi kwako, kwa mama na kwa watoto. Mimi sijambo, ila baridi imeanza kuuma.

Uliniuliza nafundishia wapi Kiswahili. Shoga, nafundishia hospitalini. Wenyeji mpaka leo wanapaita Altes AKH, yaani Hospitali Kuu ya Zamani. Mwanzo palikuwa makao ya maskini na askari waliolemaa, kisha Kaizari Joseph wa Pili akafungua hospitali mwaka 1784, yenye vitanda kama 2,000. Hospitali ilipopata maghorofa mapya, jiji likakipa Chuo Kikuu majengo haya mwaka 1988, nacho kikahamia miaka kumi baadaye. Ni nyua tupu, ukitoka huu unaingia ule. Ua wa tano ndiko iliko taasisi ya masomo ya Afrika, na ndiko wanafunzi wangu wanakohangaika na ngeli.

Lakini nakuandikia haya kwa kuwa wewe ni mkunga. Hapa hapa alifanya kazi daktari Ignaz Semmelweis, Mhungaria. Leba zilikuwa mbili: moja ya wanafunzi wa udaktari, nyingine ya wanafunzi wa ukunga. Mwaka 1846, homa ya uzazi iliua zaidi ya wazazi 11 katika kila 100 kwa madaktari. Kwa wakunga hawakufika hata 3. Na wanawake walijua, Zuhura! Walipiga magoti wakiomba wasiingizwe ile ya kwanza, na wapo walioona heri wajifungulie njiani. Niliposoma hapo nilikukumbuka unavyonihadithia wale wanaofika usiku, uchungu umewashika, na bado wanauliza kwanza zamu ni ya nani.

Machi 1847 rafiki yake, Jakob Kolletschka, alijeruhiwa kidole na kisu cha mwanafunzi wakipasua maiti. Akafa, na dalili zake zilikuwa zile zile za wazazi. Ndipo Semmelweis alipong'amua: madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuwapima wajawazito. Katikati ya Mei akaamuru kila anayeingia anawe kwa maji ya klorini. Aprili walikuwa wamekufa 18 katika 100. Juni walikufa 2 tu na kidogo. Hata hivyo wakubwa wengi hawakumkubali, na mwaka 1849 mkataba wake haukuongezwa.

Sifa anapewa yeye, na anastahili. Mimi nasema waliotangulia kuujua ukweli ni wale waliopiga magoti. Nikivuka nyua hizi asubuhi nawawaza.

Wiki ijayo nafundisha msamiati wa hospitali, na neno la kwanza ubaoni litakuwa mkunga. Naomba uniandikie yale unayomwambia mzazi anapofika leba, maneno yako yenyewe hasa, niwasomee.

Wako akupendaye,
Mwanaisha