Barua kwa mwanangu: kabla hujalipia hilo trekta

Mama, waaleykum salaam. Picha zote za matrekta ulizotuma nimeziona, mama'ako nae nimemwonyesha, kasema rangi nzuri, basi, hilo ndo lake. Mimi nimekaa nazo tangu jana nazikuza kwa vidole, nikaona bora nikuandikie kabisa maana ukipiga simu unakuwa na haraka, nikianza habari za matrekta unaniambia baba fupisha.

Hilo la bluu la hospawa 90, yaani nguvu za farasi 90, linalovuta kwa magurudumu yote manne, achana nalo. Si baya, zuri sana tu, ila si la kwetu. Shamba letu ni eka 30, kumi na nane michungwa, zinazolimwa ni eka 12 tu za mahindi na mihogo. Sasa piga hesabu na mimi. Jembe la sahani tatu linalima eka tano mpaka sita kwa siku kama dereva hategei. Eka 12 hizo ni siku mbili, haya tuseme tatu mvua ikiingilia. Vuli siku tatu, masika siku tatu, tena mihogo hailimwi kila msimu. Siku zote zinazobaki hilo lidude la mamilioni linafanya nini? Linakaa chini ya mwembe kuku wanalala juu ya usukani! Ndo maana nakwambia trekta la huku kwetu Muheza halirudishi hela kwa jembe, linarudisha kwa trela.

Najua trela halina mbwembwe, hakuna mtu anapiga nalo picha. Lakini we mwenyewe unajua msimu wa machungwa ukifika, mchuuzi anakuja na fuso lake anasimama barabarani, kukiwa na tope haingii hata umpigie magoti, kwaiyo machungwa yanatoka ndani kwa vichwa vya watu na bodaboda, na kila gharama ya kuyatoa anaikata kwenye bei ya tenga. Trela likiwepo mazungumzo yanabadilika. Na jirani nae ana machungwa, na jirani yake nae, wote watakuja kukodi. Machungwa yakiisha kuna mahindi ya kutoa shamba, kuni, mchanga na tofali za wanaojenga, kiangazi unaweka simtanki unapeleka maji. Kwaiyo hela uliyonayo usiimalize yote kwenye trekta halafu uanze kunitafutia mkopo wa jembe. Itenge kabisa: trekta, trela, jembe la sahani tatu, sileshi ya kukatia nyasi. Haro ya kuvunjia mabonge subiri, tutakodi kwanza, kwa eka 12 haina haja ya kuharakisha. Planta ya kupandia mbegu usiniambie kabisa mwaka huu.

Sasa hospawa. Kwa jembe la sahani tatu na udongo wetu ule mwekundu unaokaza ukikauka, hospawa 50 ndo mwanzo, 75 ndo raha yake. Ukipanda zaidi ya hapo unanunua dizeli ya bure. Kulima tu hesabu lita nane hivi kwa eka, zaidi kama umeingia ardhi haijalainika. Mimi ningekwenda kwenye Massey Ferguson, 240 ile ya kama hospawa 50 au 375 ya 75, na sisemi hivi kwa sababu ni mzee nimezoea. Unajua nilikaa stoo ya spea pale shamba la mkonge, na mtu wa stoo anayajua matrekta kuliko dereva, dereva anajua moja lake, mimi nilikuwa najua lipi linarudi dirishani kwangu kila wiki na lipi nalisahau mpaka siku ya kubadilisha oili. Injini za hizo Massey ni Perkins, 240 silinda tatu, 375 silinda nne, fundi yeyote mwenye umri wangu anaifungua akiwa anaongea na simu, na spea ukizunguka Ngamiani pale Tanga mjini unapata, original au ya kubabaisha kulingana na mfuko wako. Mpya zipo zinazoundwa Pakistan na kampuni ya Millat, lakini kwa hela yako tunaongelea mtumba, tuwe wakweli. Hilo la bluu kwanza nani hapa Tanga ana spea zake? Muulize muuzaji akuonyeshe duka, asikuambie "tunaagiza". Tunaagiza maana yake mvua zimeanza na trekta limeinuliwa juu ya magogo.

Mjomba'ako atakupigia kukushauri pawatila, katrekta kale ka mkono ka magurudumu mawili, najua. Msikilize kwa heshima maana ni mkubwa wako. Pawatila ni ya majaruba ya mpunga, kwenye maji na tope inafanya kazi vizuri, ila zile zilizokuja kwa wingi enzi za ile kampeni ya serikali ya Kilimo Kwanza, 2009 na kuendelea, watu waliozipeleka kwenye ardhi ngumu kavu walikuwa wanakwaruza tu juu juu kisha wakazifanya za kubebea mizigo.

Kuhusu jembe, chukua la sahani, usichukue la bapa, lile lenye ubao wa chuma wa kupindua udongo, hata likiwa bei chee. Ule upande wa chini wa shamba ulikuwa mkonge zamani, vigogo vyake na visiki vya minazi bado vimo ardhini. Sahani ikikutana na kisiki inazunguka inapanda juu inapita, jembe la bapa linanasa, na likinasa kitu kinakatika, kama si jembe ni mkono wa nyuma wa trekta. Na kwenye michungwa jembe lisiingie kabisa! Mizizi ya mchungwa inayokula iko juu juu, ukipitisha jembe unaikata, miti inanyong'onyea na we unafikiri ni ugonjwa unaanza kununua madawa. Pale kati ya mistari ni sileshi tu, inakata nyasi inaziacha hapohapo zifunike udongo. Tena trekta pana lenye kibanda kama lile la bluu lingetuvunjia matawi yote ya chini.

Haya, sasa ile Massey 375 nyekundu ya picha ya mwisho, hiyo ya Korogwe, hiyo ndo twende tukaione. Muuzaji anasema masaa 2,400. Mita ya masaa inachomolewa waya au inabadilishwa nzima, usiiangalie. Angalia pedali ya klachi, kama chuma kimelika mpaka kinang'aa na pembeni kimepinda basi hayo masaa ni ya kwenye hadithi. Alafu nenda nyuma uinamie pale panapoingia pini ya trela, tundu likiwa bado duara, sawa; likiwa limevutika kama yai ujue limevuta mizigo mizito miaka na miaka. Rangi mpya nayo isikuvutie, rangi ni kopo mbili na kijana mwenye brashi.

Injini tuikute baridi, hilo muhimu kuliko yote. Tukifika ukikuta ameshaliwasha "linapata moto kidogo", tunakunywa chai mpaka lipoe. Likiwaka moshi wa bluu usioisha ni oili inaungua, moshi mweupe ambao hauishi hata likipata moto nao ni shida. Chomoa kijiti cha oili, ikiwa nyeupenyeupe kama maziwa kuna maji yanaingia, tunaondoka. Kisha tuazime jembe, tuliinue kwa haidroliki tuzime injini, tusimame tuongee habari nyingine kidogo huku tunalitazama: likishuka taratibu sana sawa, likishuka mbele ya macho yako haidroliki imechoka na kuitengeneza si hela ya mchezo. PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha vifaa kama sileshi, nayo ifungwe kitu izunguke, isiwe ya kuoneshwa tu. Tairi za nyuma uliza bei yake dukani kabla ya kupatana maana jozi moja inaweza kula hela ya jembe. Na kadi, jina lililo kwenye kadi ndo mtu tunayemlipa, si shemeji yake.

Likija nyumbani kuna mambo sitaki mjadala. Bakari akiendesha asipandishe marafiki zake kwenye madigadi, hata mmoja, hata kwa kwenda dukani, mtu akidondoka pale anadondokea mbele ya tairi la nyuma. Shafti ya PTO iwe na kifuniko chake na hakuna mtu wa kuisogelea na msuli au kanga, ile kitu inazunguka mara 540 kwa dakika, haikupi nafasi ya kusema lailaha. Kung'oa visiki mnyororo unafungwa chini pale pa kuvutia, ukiufunga juu mbele inanyanyuka na trekta linapinduka kinyumenyume linamwangukia dereva. Na trela kama halina breki wasijaze likateremka mlima, mzigo unalisukuma trekta na gia hapo haziokoi.

Tukilipata kabla ya mwezi wa kwanza kuisha tunawahi kulima ya masika. Jumamosi njoo na basi la kwanza, shukia Muheza, nitakuwa stendi na fundi, twende Korogwe wote watatu. Hela usije nayo. Yule bwana akipiga simu tena kuomba advansi ya "kukushikia", mwambie baba kasema mpaka aione kwanza, nitupie mimi lawama zote. Na niletee miwani yangu ile uliyosema imeshatengenezwa.

Baba'ako