Barua kwa mwanangu: arobaini ikiisha

Mwanangu,

Mama yako kaniambia arobaini inatimia Ijumaa, na mkweo atarudi Pangani. Alhamdulillahi, mzazi na mtoto wazima. Ninachowaza mimi ni usiku wenu baada ya hapo.

Kilio cha mtoto mchanga huzidi wiki hadi wiki, kikawa kikali zaidi karibu na wiki ya 6, kisha hupungua hadi mwezi wa 3 au wa 4. Piga hesabu: wiki ya 6 ndiyo arobaini yenyewe. Msaidizi anafunga mizigo siku zilezile mtoto anapolia kuliko zote, hasa jioni. Watakuja wa kusema maziwa ya mama hayamshibishi. Usikubali mkeo aambiwe neno hilo. Mtoto anayenyonya, anayekojoa vizuri na kuongezeka uzito, ni mzima hata akilia. Ila akichemka mwili usingoje kuche, mpeleke hospitali.

Akishanyonya mchukue wewe. Akiwa kwa mama ananusa maziwa, anatafuta titi hata kama ameshiba. Kifuani kwako hana cha kutafuta. Mcheulishe, kisha tembea naye toka chumbani hadi ukumbini, mwendo uleule, bila kusimamasimama. Watafiti wa Japani walilipima jambo hili mwaka 2022: dakika 5 za kutembea zilinyamazisha vilio, na karibu nusu ya watoto wakasinzia. Waliokuwa wakiwekwa kitandani papo hapo walikuwa wepesi kuamka, kwa sababu mtoto anapobanduliwa mwilini moyo wake huanza kwenda mbio. Kwa hiyo akilala, keti naye dakika 5 hadi 8 nyingine ndipo umweke. Hapo wengi hukosa subira.

Mlaze chali, ndani ya chandarua, bila mto. Dawa ya mafua ya kumlaza usimpe, hata jirani akikuapia. Na ukiona hasira zinakupanda, mwache kitandani salama, toka barazani upumue, halafu urudi. Kumtikisa mtoto mchanga kunaumiza ubongo, kunaweza hata kumuua.

Najua wapo watakaokucheka, mwanamume mzima na kanga begani usiku wa manane. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alisali mbele za watu akiwa amembeba Umama, binti wa bintiye Zaynab; akisujudu anamweka chini, akiinuka anambeba. Sijui nani atakuonea haya baada ya hapo.

Na umwimbie. Sauti yako nzito inamfaa, ataihisi kifuani kabla hajaielewa.

Nisalimie mkamwana wangu. Mwambie akimnyonyesha saa tatu usiku akalale, zamu inayofuata ni yako hadi mtoto atakapodai titi tena.

Baba yako