Fundi aliniambia niuze amplifaya

Mhariri,

Nimestaafu, na kutoka nyumba ya vyumba vinne Tanga nimehamia viwili Tabata. Sebuleni pakabaki nafasi ya kimoja: amplifaya yangu ya zamani, au hom thieta ya wanangu yenye spika tano na sabufa. Fundi akasema amplifaya iuzwe.

Bahati nilijaribu kwanza. Mashine ya santuri kwenye hom thieta, taarabu ilisikika kama redio ya jirani wa tatu! Sauti ya sindano ya santuri ni ndogo mno, yahitaji tundu lake maalumu; amplifaya yangu inalo, hom thieta ile haina. Basi nikaunganisha televisheni kwenye amplifaya kwa waya mwekundu na mweupe, spika mbili tu. Taarifa ya habari naisikia neno kwa neno.

Sabufa kachukua mjukuu. Fundi bado ananidai elfu kumi za ushauri.

Mstaafu, Tabata, Dar es Salaam