Waregeshewe vijana uwanja wao

Ndugu mhariri, assalaam alaykum.

Nimesoma barua ya wiki iliopita ya mzee wetu mmoja wa hapa Wete alolalamikia ile filamu walioonesha vijana uwanjani, na mie mzee huyu namheshimu sana, namuamkia shikamoo kabla ya yote, lakini nimeshindwa kunyamaza manake lile shuka lilokuwa skrini nimelishona mie. Mie ni fundi cherehani. Nilichukua shuka mbili nyeupe za sita kwa sita nikaziunga ubavu kwa ubavu, mshono wa kukunja mara mbili, nikaupiga pasi mpaka ukalala kabisa ili picha isikatike pale kati, juu nikatia pindo pana la kupita kamba, wakalifunga kwenye minazi miwili nyuma ya goli. Kwa hiyo linalosemwa juu ya usiku ule linanihusu na mie.

Mzee kaandika kuwa ile filamu ni ya kishetani, inawafunza watoto ulevi na uhuni. Nlikaa pale tangu baada ya isha mpaka filamu ikaisha, dakika 69 tu, nataka nieleze nlichokiona ili hata ambae hakuwepo ajue.

Inaitwa Invasion of the Saucer Men, ya Marekani, mwaka 1957, haina rangi. Kaiongoza Edward L. Cahn na walioitoa ni American International Pictures, kampuni ilokuwa ikitengeneza filamu za pesa ndogo kwa ajili ya vijana. Chombo kinashuka kutoka angani usiku, ndani mna viumbe vifupi vina vichwa vikubwa mfano wa maboga, mishipa imetokeza nje, macho yamewatoka. Kijana anaitwa Johnny na mchumba wake Joan wametoroka usiku huo wanataka wakaoane, wakakigonga kiumbe kimoja kwa gari. Kikafa, lakini mkono ukakatika, na mkono ule peke yake una jicho na vidole vyake vina sindano, unatambaa chini kama kaa mpaka kwenye tairi la gari unalitoboa. Watoto walipiga kelele hapo hata jenereta halikusikika tena.

Sasa hilo la pombe. Zile sindano kinachotoka ndani yake ni pombe. Silaha ya wale mashetani ndio hiyo, wanamchoma mtu pombe mwilini. Yupo mmoja anaitwa Joe, huyo kalewa tangu mwanzo wa filamu, wanamchoma mpaka anakufa. Mwanangu alokuwa na maiki anatafsiri kwa Kipemba chetu alisema pale, "mnaona, sumu yao ndio ile ile anayoinywa yeye," na mtoto mmoja wa jirani, miaka minane, njia nzima ya kurudi ananiuliza kwani mtu anakunywaje sumu ya shetani kwa hiari yake. Mie nimwambie nini? Nimeona kafahamu vizuri kabisa. La kijana na msichana kukaa ndani ya gari usiku, hilo mzee kasema kweli, si adabu yetu, na mwanangu aliwaambia hivyo hivyo palepale kwenye maiki.

Ila nnalotaka mzee alijue zaidi ni la ng'ombe. Katika filamu kuna dume la ng'ombe la mkulima mmoja, shetani anatokea malishoni, na lile dume halikukimbia, limeinamisha kichwa likamfuata likampiga pembe ya jicho. Hapa ni Pemba, ndugu mhariri! Sie ndio watu wa mchezo wa ng'ombe, tumekulia Kengeja na Wingwi tunatizama madume yakichezwa kwa zumari na ngoma, kina mama wanaimba, na ng'ombe hauliwi, anachezwa tu akarudi kwao. Uwanja mzima ulisimama. Mama yangu mzazi ana miaka sabini na kitu, miguu inamuuma, kainuka kwenye mkeka anapunga kanga anamshangilia dume wa Marekani kama dume wa kijijini kwao. Sijamuona mama anacheka vile tangu baba afariki. Wamarekani walotengeneza hiyo kitu 1957 hawakujua kama kuna kisiwa kinaitwa Pemba, lakini walitupata.

Wengine wanauliza kitisho na kichekesho vinakaaje pamoja. Mie nakumbuka 1995, ule mwaka wa popobawa, shetani alosemwa anawavamia watu usiku majumbani mwao, nlikuwa mtoto. Hofu ilianza huku Pemba ikavuka mpaka Unguja, watu wakawa wanalala nje, familia tatu nne uwanja mmoja, moto umewashwa, watu wazima wanatetemeka. Wanaume wanakohoa tu. Alotusaidia sisi watoto ni bibi yangu, kila usiku anatupa hadithi ya kibwengo mjinga alokwenda kuiba muhogo akanasa kwenye mtego wa kima, anakiigiza sauti, tunacheka mpaka tunalala. Hofu haikwisha, bado tulikuwa tunaogopa, lakini tulilala. Zile filamu zao ni kazi ile ile ya bibi. Mtoto anaruka anamshika mwenzake, kisha anacheka kwa kuwa karuka, na shetani mwenyewe anamuona amevaa mpira.

Manake ni mpira kweli. Alowatengeneza wale viumbe ni Paul Blaisdell, mtu akifanya kazi zake nyumbani pamoja na mkewe Jackie, wanachonga wanabandika wanapaka rangi kwa mikono yao. Mie mshoni, nlipoambiwa hivyo nlirudi kuitizama tena kwenye simu kwa ajili ya vichwa vile tu, natafuta viungo viko wapi.

Na filamu zenyewe zilikuwa zinaoneshwa nje, chini ya nyota, kama sie tu. Wenzetu walikuwa na sinema za draivu-ini, mtu anaingia na gari lake anaegesha mbele ya skrini kubwa, spika inatundikwa kwenye kioo cha mlango. Ya kwanza ilifunguliwa New Jersey mwaka 1933, na kufika 1958 zilikuwa zaidi ya 4,000 nchi nzima. Wazee wao wakati huo walishanunua televisheni wanakaa nyumbani, walobaki kutoka usiku ni vijana, kwa hiyo wenye kampuni wakaanza kuwatengenezea vijana filamu zao, mbili kwa tiketi moja. Hii ya viumbe ilitolewa pamoja na I Was a Teenage Werewolf, ya kijana anaegeuka mbwamwitu, ndimo alimotoka Michael Landon alokuja kuwa maarufu baadae kwenye televisheni. Hata Dar es Salaam ilikuwepo draivu-ini, pale Msasani, ilifunguliwa 1966, marehemu ami yangu alikwenda mara moja amebanwa nyuma ya pikapu na watu kumi, na hadithi hio alitupa mpaka anakufa. Unguja nako kulikuwa na sinema za ndani, Majestic ya Vuga, ilojengwa upya 1955 baada ya ile ya mwanzo kuungua, na Empire ya Darajani, na Cine Afrique ya Malindi. Leo mtu akienda Darajani anaingia Empire kununua mchele. Tamasha la filamu lipo, linafanyika Ngome Kongwe, sawa, lakini mtoto wa Wete apande boti akatizame filamu Unguja kwa nauli ya nani?

Ndio mana vijana waliomba uwanja. Projekta wameazima, jenereta tumechangishana mafuta, wanawake wakauza mabumunda na ubuyu na juisi ya ukwaju, hakuna alolewa, hakuna alopigana, na asubuhi yake uwanja ulifagiwa. Baada ya barua ya mzee kutoka wakaambiwa basi, wasioneshe tena mpaka watakapoambiwa. Nani kasema na kwa nini sitaki kuandika hapa, sikuja kumgombanisha mtu.

Katika ile filamu Johnny na Joan wanawaeleza polisi walichokiona, hawasikilizwi, wanaonekana waongo. Wakubwa hakuna anaewaamini. Mwisho wanakwenda kuwaita vijana wenzao, wanakuja na magari yao, wanavizunguka vile viumbe wanawasha taa zote kwa pamoja, na viumbe haviwezi mwanga, vinatoka moshi vinapotea. Mie niliangalia nyuso za watoto wetu wakati wa taa zile. Sie tulokuwa Pemba kabla ya 2010, kabla ya waya wa umeme kupitishwa chini ya bahari kutoka Tanga, kiza tunakijua, na hawa wadogo wamezaliwa taa ipo, lakini walinyamaza kimya, midomo wazi, mwanga wa shuka uko kwenye macho yao.

Sasa hivi wanatengeneza ya kwao. Kibwengo anatoka msitu wa Ngezi anakuja kuiba karafuu zilizoanikwa, watoto wa skuli wanamuona, wazee wanasema mnaota. Wanarikodi kwa simu mbili. Kichwa nimewashonea mie, sponji la godoro kuukuu, juu nimevika gunia la karafuu nikatia nyuzi za mnazi ziwe nywele, macho ni vioo vya taa za pikipiki. Kipo juu ya kabati langu la vitambaa. Mzee wangu alondika ile barua namkaribisha aje akitizame, na siku ya kuonesha namuekea kiti mbele, karibu na mama yangu. Shuka nishalifua nimelikunja, tunasubiri tupewe siku.

Fundi cherehani,
Wete, Pemba